Ukitaka historia ya kiwanda cha bia cha enzi ya Malkia Victoria, anzia kwenye baa yake

Usianze na kiwanda chenyewe. Vile vikubwa vya London vimeshageuzwa matumizi: cha Whitbread, Chiswell Street, kiliacha kupika bia 1976, na cha Truman, Brick Lane, kikafungwa 1989. Baa zao nyingi bado zimesimama, na huko ndiko jina la mpika bia lilikosalia.

Sababu ni sheria. Mwaka 1830 Bunge la Uingereza liliruhusu mlipa kodi ya nyumba yeyote kuuza bia kwa leseni ya gini mbili (fedha ya zamani ya Uingereza), bila kupitia kwa hakimu. Vilabu vya bia vikazagaa. Sheria ya 1869 ikavirudisha mikononi mwa mahakimu, leseni zikawa ngumu kupata, na wenye viwanda wakazidi kununua baa, au kumkopesha mwenye baa kwa sharti auze bia yao tu. Kwa hiyo waliziandika kuta kwa majina yao.

Simama ng'ambo ya barabara, utazame juu ya madirisha ya ghorofa ya kwanza. Nenda saa ambayo jua linaupiga ukuta kwa ubavu: herufi za plasta zilizopakwa rangi tena na tena hutupa kivuli chembamba, na jina linasomeka. Kama ni tai mweusi, hiyo ni alama ya Truman. Kagua pia vigae vya mlangoni na vioo vilivyochorwa.

Ukishapata jina, fungua ramani kubwa za Ordnance Survey, idara ya ramani ya Uingereza. Baa imeandikwa P.H., kilabu cha bia B.H. Kwa kiwanda, mimi napenda zaidi ramani za bima ya moto za Goad, zilizoanza 1886: matofali yamepakwa waridi, mbao njano, na idadi ya ghorofa imeandikwa. Jengo jembamba lenye ghorofa nyingi huenda ndilo mnara wa kupikia, ambako kimea kilipandishwa juu kabisa, kisha kazi ikateremka ghorofa kwa ghorofa kwa uzito wake hadi kwenye mapipa.

Kwenye vitabu vya anwani vya Kelly na sensa za kila miaka 10, usiamini namba ya nyumba. Mitaa mingi ya London ilipewa namba mpya, mingine hata majina mapya, baada ya 1855. Fuata jina la baa na njia panda: Kelly hutaja, kati ya nyumba na nyumba, mtaa unaokatiza hapo. Baa ya kona haikupotei.

Mwisho nenda The London Archives, Clerkenwell, penye nyaraka za Whitbread na Truman. Wengi hukimbilia vitabu vya mapishi ya bia. Mimi nakushauri uombe kwanza hati za nyumba na mikataba ya kupanga, kisha rejista za leseni. Mwenye leseni ni mmoja, mwenye jengo ni mwingine, na mwaka jina la kiwanda linapoingia kwenye safu ya mwenye jengo ndio wa kuuandika.