Birayi vya friji kwa bakteria wa tumboni
Enyi wa Goma mnaokula birayi (viazi mviringo) karibu kila siku: chemsheni jioni, vikipoa viwekeni kwenye friji, mle kesho yake. Wanga uliopoa, sehemu yake haimeng'enywi kwenye utumbo mwembamba. Inafika utumbo mpana, bakteria wanaigeuza kuwa butireti, aina ya asidi ya mafuta. Hiyo ndiyo inayolisha ukuta wa utumbo, tena inasaidia seli zinazoizuia kinga isishambulie mwili wenyewe. Kupasha moto hakuondoi faida yote. Anzeni na kimoja au viwili, maana gesi yake si mchezo! Umeme ukikatika usiku kucha, vitupeni. Na mwenye lupasi au baridi yabisi, magonjwa ya kinga kushambulia mwili, asiache vidonge vya daktari: hii haitibu.