Somo: Kuvuna mayai ya heringi juu ya mwani bila kumuua samaki

Somo linahusu pwani ya Pasifiki: Waheiltsuk wa Bella Bella, Kanada, na Watlingit wa Sitka, Alaska, ambao ni wenyeji wa asili wa pwani hiyo. Majira ya kuchipua, hasa Machi na Aprili, heringi, samaki wadogo wa baharini waendao kwa makundi, huingia kwenye maji ya kina kifupi kutaga, na mayai hunata kwenye mimea. Mvunaji huchukua mayai. Samaki hurudi zake baharini. Wavuvi wa nyavu humpasua jike kwa ajili ya mayai ya tumboni, ilhali heringi huanza kutaga akiwa na miaka 3 hivi na anaweza kurudi miaka kadhaa.

1. Jiandae mapema. Maji yakishageuka meupe kama maziwa, madume wameshamwaga shahawa na umechelewa. Ndege na simba-bahari wakianza kukusanyika, vifaa viwe tayari. Kundi la kwanza liacheni litulie, msilipitie kwa boti.

2. Kata mwani mkubwa wa kahawia (Macrocystis). Chagua majani mapana yasiyo na matundu. Kata sehemu ya juu tu. Shina na mshikio (sehemu ya chini inayoshika mwamba) vibaki mwambani ili uchipue tena. Uweke majini kivulini, kwani hulainika na kuoza haraka. Watlingit wa Sitka hutumia matawi ya hemloki, mti wa jamii ya misonobari.

3. Tundika kwenye kamba zilizofungwa kwenye fremu ya magogo yanayoelea, ndani ya ghuba tulivu. Acha nafasi kati ya majani. Yasiguse chini: mchanga ukishanasa kwenye mayai hautoki, na mzigo umeharibika.

4. Acha fremu wazi. Hapa ndipo penye uzito wote. Wapo wanaozingira heringi kwa nyavu na kuwafungia kizimbani pamoja na mwani. Mavuno huwa ya uhakika zaidi, lakini samaki hubanana, hupoteza magamba, na baadhi hufa. Fremu iliyo wazi inaweza kukosa mayai mwaka mzima, na hasara hiyo ni afadhali.

5. Kagua kila siku. Toa mwani majini tabaka la mayai likishakuwa nene pande zote mbili. Ukiona vijidoa vyeusi vya macho, usitoe: acha yaanguliwe, kwa kawaida wiki 2 hadi 3 tangu kutagwa.

6. Suuza kwa maji ya bahari, kisha tia chumvi au gandisha. Soko kubwa ni Japani.

MASWALI YA WANACHAMA

Kama samaki hafi, kwa nini tuweke kikomo cha mayai ya kuvuna?
Mayai ndiyo heringi wa kesho, na ndege na mawimbi huchukua sehemu yao kabla yako. Mayai yaliyotagwa kwenye mimea ya asili yasiguswe.

Kwa nini mayai yananata upande mmoja tu?
Majani yamelaliana. Punguza idadi kwa kila kamba.

Kuuza kunaruhusiwa?
Mwaka 1996, katika kesi ya Gladstone, Mahakama ya Juu ya Kanada ilikubali kuwa Waheiltsuk walifanya biashara ya mayai haya kabla ya Wazungu kufika, hivyo wana haki ya kuyauza. Haki hiyo bado iko chini ya kanuni za uhifadhi.

Nipo Pemba, tuna kamba za mwani tayari. Naweza kujaribu kwa dagaa?
Hapana. Mayai ya dagaa wengi wa baharini huelea majini, hayanati. Kwa dagaa, angalieni matundu ya nyavu na misimu ya kupumzisha bahari.