Namna ya Kuizuru Etruria ya Kale kwa Kuanzia Makaburini

Anayetaka kuwafahamu Waetruski, watu waliostawi katikati ya Italia baina ya mito ya Arno na Tiber kabla Roma haijawameza, hana budi kuanzia makaburini. Nyumba zao walizijenga kwa miti na udongo, nazo zimetoweka. Nyumba za wafu wao walizichonga ndani ya mwamba, nazo zipo hadi leo.

Anzia Cerveteri, karibu na Roma, kwenye makaburi ya Banditaccia, ambayo UNESCO iliyaorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2004 pamoja na yale ya Tarquinia. Tenga nusu siku na uvae viatu visivyoteleza. Pita katika njia zilizopangwa kama mitaa, katikati ya vilima vya mviringo vilivyoota majani, kisha ingia kaburini na uinue macho: dari imechongwa boriti, ingawa mwamba hauhitaji boriti. Ufikapo kwenye Tomba dei Rilievi, yaani Kaburi la Michongo, usiwe na haraka. Mito ya kulalia iko vitandani, na kwenye nguzo na kuta vimening'inia visu, vyombo vya jikoni na kamba iliyokunjwa vizuri, vyote vimefinyangwa kwa lipu na kupakwa rangi zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Sijaona mahali pengine panapoonyesha kwa uwazi hivyo kwamba marehemu alihesabiwa kuwa amehama nyumba tu.

Siku inayofuata nenda Tarquinia, ambako kati ya makaburi yapatayo 6,000 ni kama 200 tu yenye michoro. Utateremka ngazi na kuchungulia kupitia kioo, kwa sababu joto na unyevu wa pumzi za wageni huharibu rangi. Katika Kaburi la Chui, mtafute mwanamume aliyeinua yai mkononi, na uwatazame wanawake waliojilaza karamuni pamoja na wanaume, desturi iliyowashangaza sana Wagiriki.

Baada ya hapo ndipo uende Roma, kwenye jumba la makumbusho la Villa Giulia. Wengi huanzia hapo, nami naona wanakosea, kwani jeneza la udongo wa kuchomwa lenye mume na mke waliojilaza bega kwa bega, la mnamo mwaka 520 KK, huzungumza zaidi na mtu aliyekwisha kuiona Cerveteri lilikotoka.

Ukibakiwa na siku moja, panda hadi Orvieto, kwenye makaburi ya Crocifisso del Tufo. Juu ya milango kumechongwa majina ya wenyewe kwa herufi zilizotokana na za Kigiriki, ila zisome kutoka kulia kwenda kushoto. Maandishi hayo huanza kwa neno «mi», ambalo kwa Kietruski, kwa sadfa tupu, maana yake ni mimi: kaburi lenyewe ndilo linalosema, likimtaja mwenye kulimiliki.