Jinsi ya kupunguza hasara unayojitia mwenyewe kwenye hisa

Wengi huamini kwamba anayefuatilia soko kila siku, akinunua na kuuza, ndiye anayevuna zaidi. Takwimu zinakataa. Mwaka 2000 watafiti wa fedha Brad Barber na Terrance Odean walichapisha uchambuzi wa kaya 66,465 za Marekani zilizokuwa na akaunti kwa dalali mmoja kati ya 1991 na 1996. Soko lilitoa wastani wa asilimia 17.9 kwa mwaka, kaya ya kawaida ikapata 16.4, na waliouza na kununua mara nyingi kuliko wote wakaambulia 11.4. Si kwamba walichagua kampuni mbovu: kabla ya kutoa gharama, mapato yao yalikaribiana na ya wenzao. Gharama ndizo zilizowala.

Basi anza kwa kupima mzunguko wako, yaani sehemu ya hisa zako unayoiuza kwa mwaka. Chukua taarifa ya akaunti ya miezi 12. Jumlisha thamani ya hisa zote ulizouza, gawanya kwa wastani wa thamani ya hisa ulizokuwa nazo mwaka huo, kisha zidisha kwa 100. Aliyeuza za 600 huku wastani wake ni 800 ana mzunguko wa asilimia 75, takriban sawa na kaya ya kawaida katika utafiti huo. Halafu jumlisha kamisheni, ada, kodi, na pengo kati ya bei ya kununulia na ya kuuzia. Pengo hili husahaulika kwa sababu haliandikwi kwenye stakabadhi, na kwa hisa isiyo na wanunuzi wengi linaweza kuizidi kamisheni yenyewe.

Kosa la pili ni gumu zaidi kuliacha: kuuza haraka hisa iliyopanda na kung'ang'ania iliyoshuka. Odean alichunguza akaunti 10,000 za miaka ya 1987 hadi 1993 na kuona kwamba wawekezaji waliuza asilimia 14.8 ya hisa zilizokuwa na faida, lakini asilimia 9.8 tu ya zenye hasara. Katika mwaka uliofuata, hisa zilizouzwa kwa faida zilizidi zile za hasara zilizobakizwa kwa takriban asilimia 3.4. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walikwisha kuonyesha mwaka 1979 kwamba hasara humuuma mtu kuliko faida ya kiasi kilekile inavyomfurahisha. Kuuza kwa hasara ni kukiri, na watu huahirisha kukiri.

Dawa yake ni hii. Orodhesha hisa zako na bei za leo, ukiacha kabisa bei ulizonunulia. Kwa kila moja jiulize: ningekuwa na fedha taslimu leo, ningeinunua kwa bei hii? Andika jibu na sababu yake kwa sentensi moja. Likiwa hapana, iuze, baada ya kuangalia kodi. Zoezi huharibika pale unapochungulia bei ya zamani kwanza, maana sababu zitajitunga zenyewe. Wala lisigeuke kuwa kanuni ya kuuza kila kilichoshuka.

Kuhusu kuchagua kampuni chache "za uhakika": mtafiti wa fedha Hendrik Bessembinder alipima hisa za Marekani kuanzia 1926 hadi 2016, akakuta kwamba asilimia 4 ya kampuni ndizo zilizozalisha utajiri wote wa ziada juu ya dhamana za muda mfupi za serikali. Ukishika tano, uwezekano mkubwa ni kuzikosa hizo. Ndiyo maana mfuko unaofuata fahirisi ya soko zima, yaani unaoshika hisa za kampuni zote au karibu zote za soko, ni chaguo bora kwa watu wengi.

Soma ada ya mfuko kabla ya sifa za msimamizi. Mtaji wa 100 unaokua kwa asilimia 7 kwa mwaka hufika 761 baada ya miaka 30. Ada ikila asilimia 2 kila mwaka, unafika 432. Na usichague kwa matokeo ya mwaka jana: mtafiti Mark Carhart alionyesha mwaka 1997 kwamba kinachodumu zaidi ni uduni wa mifuko iliyo mibaya kabisa.

Mwisho, weka tarehe mbili tu kwa mwaka za kufungua akaunti. Andika mgawanyo wako, tuseme asilimia 60 hisa na asilimia 40 hatifungani (mikopo kwa serikali au kampuni), na uuguse pale tu unapopotoka kwa zaidi ya pointi 5 za asilimia. Fedha mpya ziende kwanza upande uliopungua, ili usilipe gharama za kuuza.