Jinsi ya kuitambua kuvumwani ya kwenye majivu (na ukiikuta kwenye viriba ufanyeje)

Mi niko Mufindi, nina kitalu cha paini na parachichi, na kila mvua zikikolea watu wananitumia picha za viriba (mifuko ya kuoteshea miche) vimeota kijani juu, wanauliza huu ukungu napuliza dawa gani. Jamani sio ukungu, ni mmea kabisa, kuvumwani (Kiingereza moss), na mara nyingi ni aina moja inaitwa Funaria hygrometrica, ipo karibu dunia nzima.

Hatua ya 1: nenda palipoungua
Usianzie msituni. Nenda palipokuwa na tanuru la mkaa, au pale nje mlipopanga mafiga kupikia msiba miezi kadhaa iliyopita. Moto umeua mbegu za majani, majivu yamepunguza tindikali ya udongo na yameacha chakula, sasa kuvumwani hii inawahi kabla ya wengine. Nyasi zikisharudi zikaifunika inapotea, unaikuta palipoungua pengine.

Hatua ya 2: piga magoti
Chini utaona vijani vidogo vimejikusanya kama kichipukizi cha kabichi, kimo sentimita moja hivi au chini ya hapo, alafu vinatoka vijiti vyembamba kama uzi, sentimita 2 hadi 5, vya manjano vinaelekea wekundu, kila kimoja kimebeba kibuyu chenye umbo la peasi kimeinamisha shingo. Kibuyu kichanga ni kijani, kikikomaa kinakuwa kahawia na kinafanya mifereji. Kama unayoiona inang'aa rangi ya fedha na iko kwenye saruji, hiyo ni nyingine, Bryum argenteum.

Hatua ya 3: ipumulie
Hii ndo naipenda kuliko zote. Chomoa kijiti kilichokauka, kishike kwa chini, kipumulie pumzi ya moto taratibu kama unafuta kioo, alafu tulia uangalie kile kibuyu: kinageuka chenyewe! Kijiti kikikauka kinajisokota kama kamba, kikipata unyevu kinajifungua, ndo maana hata hilo jina Funaria limetoka kwenye neno la Kilatini la kamba. Waonyeshe watoto, hawatakusumbua jioni nzima.

Hatua ya 4: kwenye viriba
Haina mizizi ya kweli, ina vinyweleo tu, kwahiyo hainyonyi mche wako. Shida ni lile tabaka, likishakuwa nene maji yanateleza pembeni na mche unabaki na kiu wakati wewe unajua umemwagilia. Mi sipulizi kitu. Nakwangua juu kwa kijiti cha mwanzi, napunguza kumwagilia mpaka udongo uanze kukauka juu, na naachanisha viriba upepo upite. Na majivu punguza, kuna msimu nilichanganya majivu kwenye udongo wa tuta moja, tuta hilo likajaa kijani tupu, la pembeni yake lisilo na majivu likabaki safi.

Kwangua vibuyu vikiwa bado kijani, vikishakuwa kahawia vinamwaga vumbi lao la uzazi na upepo wa huku unalisambaza kitalu kizima, na ulichokwangua kapeleke mbali, usikiache kwenye njia ya tuta.