Somo: Kujenga zoea litakalodumu hata shule zikifungwa

Kila Januari naulizwa swali lilelile, nifanyeje zoea jipya lisikatike, na kila mara najibu upya, kwa hiyo nimeandika somo zima mahali pamoja, nami naomba lisomwe kabla ya kuuliza.

Hatua ya 1. Chagua jambo moja tu.

Hatua ya 2. Lipunguze hadi uliweze hata siku unayoumwa kichwa: kurasa mbili, au dakika kumi za kutembea.

Hatua ya 3. Lifunge kwenye tendo ambalo tayari unalifanya kila siku. Hapa ndipo nilipokosea, kwa hiyo soma taratibu. Niliamua kutembea kila asubuhi mara tu baada ya kumpandisha mwanangu kwenye basi la shule, na tangu Januari hadi mwisho wa Mei sikukosa, hata mvua za masika zilipoigeuza njia yetu ya Pasua kuwa tope. Juni shule zikafungwa. Basi halikuja, baridi ya Moshi ikanibakiza kitandani, na Julai basi liliporudi mimi sikurudi njiani hadi Agosti. Nikaanza tena kwa basi lilelile, na Desemba, tulipopanda nyumbani Kibosho kwa Krismasi, nikapoteza kila kitu mara ya pili. Nilikuwa nimelifunga zoea langu kwenye tendo linalokwenda likizo. Kabla hujachagua, jiulize kama tendo lako lipo Jumapili, lipo Juni, lipo wakati wa masika na lipo safarini Desemba. Likikosekana popote, liache. Siku hizi natembea baada ya kupiga mswaki, kwa kuwa mswaki hupanda nami hadi Kibosho. Usilifunge kwenye saa peke yake pia, maana saa hupita kimya ukiwa na mgeni.

Hatua ya 4. Viatu au daftari vikae pale tendo hilo linapofanyika.

Hatua ya 5. Weka alama kwenye kalenda. Ukikosa siku moja, endelea kesho yake bila kuifidia.

MASWALI

Mwanachama wa Sakina: Nimeanza mambo matano, yote yamenishinda. Kosa liko wapi?

Jibu: Soma hatua ya 1.

Mwanachama wa Njiro: Mbona hukutaja kwamba zoea hujengwa kwa siku 21? Kila mtu anazijua.

Jibu: Niliziacha kwa makusudi. Mwaka 1960 daktari mmoja wa upasuaji wa Marekani aliandika kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 kuizoea sura mpya. Hakuwa akipima mazoea. Mtafiti Phillippa Lally na wenzake wa London, waliowafuatilia watu 96 kwa wiki 12, walikadiria kwamba zoea hujengeka kwa kati ya siku 18 na 254, mtu wa katikati akihitaji 66, na kukosa siku moja hakukuharibu kitu.

Muuguzi, Arusha: Shikamoo. Zamu zangu hubadilika. Nilifunge wapi jambo langu?

Jibu: Marahaba, na asante kwa swali hili, ambalo mimi mwenyewe sikulifikiria. Usitafute asubuhi wala jioni. Tafuta tendo linalofuata kila zamu, kama kuvua sare ukifika nyumbani, na kwa siku za mapumziko chagua tendo la pili mapema, kwa mfano kuchemsha chai. Tuambie baada ya mwezi.

Mwanachama wa Pasua: Kwa wanaotembea wakati wa masika, jaza magazeti ndani ya viatu vilivyolowa, uyabadilishe kabla ya kulala.

Jibu: Ni kweli, na uviweke mbali na jiko, kwani joto hubandua soli.