Usinunue nanomita: namna ya kusoma tangazo la chipu mpya

Kila prosesa mpya (chipu inayofanya hesabu za kompyuta) inapotangazwa, simu yangu haikai kimya. Mimi ni fundi wa kompyuta, mtu wa bisibisi na brashi ya vumbi, na wanaopiga huwa na swali lile lile: "Fundi, ninunue hii ya nanomita 3 au nisubiri ya 2?" Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita, na matangazo huitaja kama kipimo cha udogo wa vilivyomo ndani ya chipu. Zamani nilikuwa najibu kama nilivyoulizwa. Siku hizi namwambia mtu aanze mbali kidogo. Nimechoka kurudia maneno hayo kwenye simu, basi nayaandika.

Aliyenibadilisha ni mteja mmoja, mama mhasibu anayeshinda kwenye majedwali yenye maelfu ya mistari. Alikuwa na kompyuta mpakato nzito kama tofali, lakini nzima. Alitaka nyepesi. Nikamchagulia nyembamba, yenye prosesa ya kizazi kipya na nanomita chache, nikajipongeza. Baada ya wiki mbili akarudi nayo mkononi. "Fundi, ile yangu ya zamani ilikuwa inamaliza hesabu kabla sijavua miwani. Hii inaanza mbio, halafu inachoka."

Sikutaka kuamini. Nikamwomba anipe jedwali lake zito zaidi, nikaliendesha huku naangalia vipimo. Dakika ya kwanza prosesa ilipita gigahezi 4, yaani mapigo bilioni 4 kwa sekunde. Baada ya dakika chache ilikuwa chini ya 2, na kifeni chake kimoja kilikuwa kinalia kama nzi ndani ya chupa. Chipu haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa na joto na haina pa kulitoa, kwa hiyo inapunguza mwendo isiungue. Mhasibu alikuwa ametoa utambuzi sahihi kwa maneno matano, mimi nimehitaji programu tatu.

Anza na mashine uliyo nayo

Kabla hujasoma tangazo lolote, jua kompyuta yako inasubiri nini. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue upande wa michoro ya utendaji. Kisha fanya kazi yako halisi, ile inayokukera, kwa dakika kumi. Usitumie programu ya majaribio uliyoipakua mtandaoni. Fanya kazi yako.

Kama diski iko asilimia 100 na prosesa imelala, chipu mpya haitakusaidia. Badilisha diski. Kama RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, imejaa mpaka juu, ongeza RAM. Katika mashine ninazoletewa kwa kosa la "uzee", hizi mbili ndizo ninazokutana nazo zaidi, na wenyewe hawafurahi kuzisikia kwa sababu walikwisha kuichagua mashine mpya moyoni.

Kuna mtego mmoja hapa. Mtu anaona prosesa imeandika asilimia 12 au 13 tu, anasema haina kazi. Lakini ikiwa ina viini 8 (sehemu za kufanyia hesabu, kila kimoja na kazi yake), kiini kimoja kilichojaa kabisa kitaonekana kama asilimia 12.5 ya jumla. Kama kila kiini kinahesabiwa mara mbili, utaona kama 6. Bofya kitufe cha kulia juu ya mchoro, uchague kuona viini kimoja kimoja. Ukikuta kimoja kinahema na vingine vimekaa kivulini, programu yako haijui kugawa kazi, na viini 16 havitaifundisha.

Chini ya mchoro huo huo kuna GHz, yaani gigahezi. Ikiwa kazi imejaa na namba hiyo inateremka, mara nyingi tatizo ni joto. Toa vumbi, badilisha pasta ya kupitishia joto kati ya prosesa na chuma chake, ujaribu tena. Nimewahi kuzuia mtu asinunue mashine mpya kwa kazi ya nusu saa. Si biashara nzuri kwangu, lakini ndivyo ilivyo.

Nanomita ni jina

Sasa tangazo. Hapo zamani namba ya nanomita ilikuwa kipimo cha kweli. Prosesa ya Intel 4004 ya mwaka 1971 ilichorwa kwa teknolojia ya mikromita 10, ikiwa na transista, yaani swichi ndogondogo za umeme, kama 2,300. Baadaye namba iliachana na rula. Kwenye teknolojia inayoitwa nanomita 3, umbali kutoka lango la transista moja (sehemu inayofungua na kufunga umeme) hadi la jirani yake ni karibu nanomita 48, na nyaya zilizobanana zaidi zimepangwa kila baada ya nanomita 23 hivi. Hakuna kitu muhimu mle ndani chenye upana wa 3. Hata isingekuwa rahisi: mpangilio wa atomi katika fuwele la silikoni, malighafi ya chipu, hujirudia kila nanomita 0.54, kwa hiyo nanomita 3 ni marudio matano na ushee tu.

Mwaka 2021 Intel ilibadilisha majina, na teknolojia iliyokuwa ikiitwa nanomita 10, toleo lake lililoboreshwa, ikawa Intel 7. Siku ile hakuna transista iliyosinyaa. Na siwalaumu, maana kwa msongamano wa transista walikuwa wanakaribiana na wenzao waliokuwa wakijiita 7. Kwa hiyo tumia namba hiyo kulinganisha vizazi viwili vya mtengenezaji mmoja. Ukilinganisha 3 ya huyu na 4 ya yule, unalinganisha majina ya watoto ili ujue nani mrefu.

Tafuta neno "au"

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole. TSMC, kampuni ya Taiwan inayowatengenezea wengine chipu, walipoeleza teknolojia yao ya N2 (nanomita 2), walisema ikilinganishwa na N3E (toleo la nanomita 3) inatoa kasi zaidi kwa asilimia 10 hadi 15 kwa umeme ule ule, au inapunguza umeme kwa asilimia 25 hadi 30 kwa kasi ile ile. Au. Muuzaji akifika dukani neno hilo limegeuka "na". Huwezi kuvipata vyote kwa ukamilifu. Mtengenezaji wa kifaa huchagua, au hugawanya faida kati ya viwili hivyo.

Haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 1974 Robert Dennard wa IBM na wenzake walionyesha kwamba ukiipunguza transista, unaweza kupunguza volti pamoja nayo, hivyo eneo lile lile la silikoni likabeba transista nyingi zaidi, zenye kasi zaidi, bila joto kuongezeka. Hiyo ndiyo ilikuwa karamu. Gordon Moore alikuwa amekwisha kusema mwaka 1965 kwamba idadi ya vijenzi kwenye chipu inaongezeka maradufu kila mwaka, na mwaka 1975 akarekebisha kuwa kila miaka miwili. Watu humkumbuka Moore, lakini aliyekuwa analipa bili ya umeme ni Dennard.

Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 volti ziligoma kushuka. Transista ikiwa ndogo mno na volti zake chache mno, haifungi vizuri. Umeme unapenya hata ikiwa imezimwa. Na umeme unaoliwa na chipu hupanda kwa mraba wa volti ukizidisha kwa mapigo, kwa hiyo kulazimisha mapigo zaidi kwa kupandisha volti ni kujichoma mwenyewe. Angalia hesabu: kutoka kilohezi 740 za 4004 mwaka 1971 hadi gigahezi 3.8 za Pentium 4 mwaka 2004, mapigo yaliongezeka zaidi ya mara 5,000. Toleo la gigahezi 4 likafutwa. Miaka 20 baadaye, mwaka 2024, Core i9-14900KS ilifikia gigahezi 6.2, tena kwa muda mfupi na kwa umeme mwingi. Hata maradufu haijafika.

Hatua unayoweza kuiruka (mimi siwezi)

Huihitaji hii kununua kompyuta, lakini sipendi mtu adharau kinachofanyika. Ili kuchora mistari midogo hivyo kwenye kisahani cha silikoni, hutumika mwanga. Kwa miaka mingi ulikuwa mwanga wa urujuanimno wenye urefu wa wimbi wa nanomita 193, na ili kuchora kitu kidogo kuliko wimbi lenyewe walilazimika kurudia mchoro mmoja kwa awamu kadhaa. Mashine mpya za ASML, kampuni ya Uholanzi, zinatumia wimbi la nanomita 13.5. Mwanga huo haupatikani kwenye taa. Vitone vya bati iliyoyeyuka hurushwa, 50,000 kwa sekunde, na kila kitone hupigwa na leza mara mbili: pigo la kwanza linakitandaza, la pili linakigeuza kuwa plazma inayotoa mwanga. Hewa inaumeza mwanga huo, kioo cha lenzi kinaumeza pia, kwa hiyo kila kitu kiko ndani ya ombwe na mwanga unaelekezwa kwa vioo vya kuakisi tu. Mimi nikifanikiwa kurudisha skrubu zote mahali pake nasema nimefanya kazi ngumu.

Umbo la transista nalo limebadilika kwa sababu ya kule kupenya kwa umeme. Fikiria mpira wa maji. Zamani lango liliubana kwa kidole kimoja kutoka juu. Intel walipoingia nanomita 22, bidhaa zikauzwa mwaka 2012, njia ya umeme ilisimamishwa wima kama pezi la samaki, lango likaubana kutoka pande tatu. Mwaka 2022 Samsung wakaanza kuzalisha aina ambayo lango linaizunguka njia yote, kama ngumi iliyofumba. Ukiona tangazo linasifia lango la kuzunguka, ujue wanachosifia ni kuziba kuvuja. Faida yake utaiona zaidi kwenye betri.

Uliza ni sehemu gani iliyopungua

Chipu si kitu kimoja. Sehemu za hesabu bado zinapungua. Kumbukumbu ndogo ya ndani ya prosesa, ile ninayoiita mfuko wa shati kwa sababu iko karibu na mkono, imegoma: seli yake katika teknolojia ya nanomita 5 ya TSMC ina mikromita za mraba 0.021, na katika N3E ni 0.021 vile vile. Ndiyo maana watengenezaji wameanza kukata chipu vipande. Mwaka 2019 AMD, washindani wa Intel, waliuza prosesa ya Ryzen ambayo viini vyake ni vya nanomita 7 na kipande cha mawasiliano ni cha 12, vyote kwenye kibao kimoja. Ukiambiwa prosesa ni ya "nanomita 5", uliza: yote?

Na mfuko wa shati ni mali. Prosesa ikikosa kitu mfukoni, inaifuata RAM, safari ya karibu nanosekunde 80. Kwa gigahezi 4 hayo ni mapigo 320 ya kusubiri. Mwaka 2022 AMD waliiongezea Ryzen 7 5800X megabaiti 64 za kumbukumbu hiyo kwa kuzibandika juu ya chipu, wakaiita 5800X3D. Mapigo yake ya juu yalishuka kutoka gigahezi 4.7 hadi 4.5. Kwenye michezo mingi ikamshinda ndugu yake. Huo ndio mfano ninaompa kila anayeniletea GHz mbili kwenye karatasi aniulize ipi kubwa.

Viini vingi navyo vina kikomo chake. Gene Amdahl alilieleza mwaka 1967: kama asilimia 10 ya kazi haigawanyiki, viini 16 vitakupa kasi mara 6.4, na hata viini milioni havitafika mara 10. Kwa anayetengeneza video, nunua viini. Kwa jedwali la mhasibu, kiini kimoja chenye nguvu na mfuko mkubwa.

Mwisho, pima pumzi

Jina la prosesa likifanana, usidhani mashine zinafanana. Chipu ile ile hupangiwa wati 15 kwenye mwili mwembamba na 28 au zaidi kwenye mnene. Kwa hiyo tafuta majaribio yanayorudiwa kwa nusu saa, usome matokeo ya mwisho, si ya kwanza. Ukiweza kuishika mashine yenyewe, iwekee kazi nzito, chomoa chaja, uende ukapige soga. Rudi baada ya dakika 20 uangalie GHz. Gusa sehemu ya chini. Sikiliza feni.

Mama mhasibu nilimtafutia mashine nene kidogo, feni mbili, prosesa ya kizazi kilichotangulia ile aliyonirudishia. Alipoijaribu mbele yangu alikaa nayo robo saa nzima bila kusema neno, miwani usoni. Ile nyembamba akampa mwanawe, ambaye kazi yake ni kuandika barua. Bado inaanza mbio, na barua inaisha kabla haijachoka.